Dirisha Lisilofungika

Siwema alikuwa anachemka kutoka ndani, akiwa kwenye chumba chenye baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri. Alikuwa humo na wenzake kumi na mmoja, wote wamevaa fulana, kaptula na makubazi. Koki ya kuwafungia joto ilikuwa moja kwa wote, na aliyekuwa ameishika ni mimi.

Kila ninayemsimulia hunikatiza hapo hapo. "Kwa nini hukumtoa nje?" Kwa sababu nje kulikuwa na joto la nyuzi thelathini na nne, bwana. Nje ndiko kungemuua. Nitafika huko, lakini lazima nianzie getini, maana upumbavu wote ulianzia getini.

Ghala letu la mbegu liko nje kidogo ya Itigi, katikati ya vichaka. Humo ndimo mlimobaki mtama, uwele na karanga za kabla ya ile miaka tisa ya ukame. Kila asubuhi mlinzi humpima kila mtu joto kwenye paji la uso. Ukizidi thelathini na saba na nusu, unarudi nyumbani. Sheria ni hiyo moja tu. Hata mbuzi angeielewa.

Nilikuwa nimesimama pale na kikombe cha chai. Siwema akaja nyuma ya Mama Ndalu, ambaye ni msimamizi wa meza yao. Uso wa Siwema ulikuwa umelowa, maji yanamchuruzika mpaka kwenye khanga.

"Siku hizi unaoga na nguo?" nikamtania.

"Vumbi la barabarani, fundi."

"Vumbi gani la kunawa mpaka shingoni?"

Mama Ndalu akageuka. "Fundi Msengi, kunywa chai yako. Ukianza kukagua wanawake wanavyonawa, tutamwita mkeo aje akusaidie."

Foleni nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Kipimajoto kikasema thelathini na sita nukta tisa, Siwema akapita.

Alikuwa na malaria tangu Jumapili. Alikuwa amemeza vidonge vya kutuliza homa, kisha akajimwagia maji ya bomba hatua ishirini kabla ya geti. Wenzake kumi na mmoja walijua. Walijua! Hakuna aliyefungua mdomo, maana kumsemea mwenzako getini ni umbea, na mmbea kwenye meza ile hapewi hata chumvi.

Na kwa nini aje akiwa mgonjwa? Kwa sababu ya kiti cha mfiwa. Kabula wa meza yao alikuwa amefiwa na baba yake. Wana desturi kwamba mtu akifiwa kiti chake hakikai kitupu, wengine wanaokuwa mapumzikoni wanakikalia kwa zamu mpaka arudi. Zamu ilikuwa ya Siwema. Haikataliwi. Ukiikataa, siku yako ya msiba utakaa peke yako kwenye mkeka. Sisemi ni desturi mbaya. Nasema tu kwamba angeweza kubadilishana na mtu, lakini hapana, akaja na homa yake.

*

Sasa nieleze hilo dirisha lililomchemsha Siwema, maana bila hilo hamtaelewa kitu.

Kazi ya meza ni kupapasa punje. Punje iliyopasuka ndani haiwezi kuota, na ufa wake hauonekani kwa macho wala kwa kamera ikiwa imefunikwa na barafu. Kidole kinauhisi. Kidole kitupu, bila glavu. Walileta roboti wawili. Mafuta ya viungo vyao yakaganda yakawa kama nta, wakasimama mikono juu kama watu waliotekwa. Wapo stoo mpaka leo. Kwa hiyo ikabidi watengenezwe watu wasiosikia baridi.

Daktari Kaijage ndiye aliyekuja na sindano ya kuwageuza hivyo. Alituchorea ubaoni siku nzima, na mimi niliyeishia darasa la sita nikatoka na hiki. Ndani ya kila seli ya mwili wako kuna vitu vidogo vinaitwa mitokondria. Kila kimoja kina utando wa ndani, mwembamba kuliko chochote ulichowahi kushika, na kwenye utando huo zimechomekwa protini. Chakula ulichokula kinatoa elektroni. Protini ya kwanza inazipokea, inampa mwenzake, naye anampa mwenzake, kama watu wanaopasiana matofali. Kila elektroni zinapopasiwa, nguvu kidogo inapatikana, na protini inaitumia nguvu hiyo kusukuma protoni kutoka upande wa ndani wa utando kwenda upande wa pili. Protoni ni haidrojeni iliyovuliwa elektroni yake, basi. Mwisho wa foleni oksijeni inazipokea elektroni, hapo maji yanatengenezwa. Ndiyo maana unahema.

Kabla ya hapa nilifanya kazi miaka kumi na minne kwenye bwawa la umeme, kufungua na kufunga milango ya maji. Kwa hiyo nilimwambia Daktari, "Hizo protini ni pampu. Zinajaza bwawa la protoni upande mmoja."

"Sawa sawa, fundi."

"Na zikitaka kurudi?"

"Zinapita kwenye protini nyingine, moja tu, ambayo inazunguka kweli kweli zikipita, kama tabo ya bwawani, lile gurudumu linalozungushwa na maji. Ikizunguka inatengeneza ATP. Hiyo ndiyo nguvu unayoinulia mkono."

"Na nikitoboa ukuta wa bwawa?"

Akatabasamu kama mtu aliyesubiri swali hilo mwaka mzima. "Protoni zitarudi bila kuzungusha tabo. Nguvu yote itakuwa joto."

Hilo tundu ndilo wafanyakazi wanaliita dirisha. Watoto wachanga wanazaliwa nalo, kwenye mafuta ya mgongoni, ndiyo maana hawagandi. Daktari alitengeneza lake, la kukaa kwenye misuli ya mtu mzima, na akaliwekea ufunguo: ukungu. Ukiuvuta ukungu ule kwa pua, dirisha linafunguka, mwili unawaka, unakaa kwenye barafu na fulana ukiimba. Ukungu ukiondoka, dirisha linafungika kwa dakika nne au tano. Bomba la ukungu linapita darini, koki yake iko kwenye chumba cha mitambo, na fundi wa koki ni mimi.

Kulikuwa na kasoro moja. Daktari aliitaja siku ile ile, haraka haraka, mkono tayari uko kwenye kifutio. Dirisha lenyewe linapenda joto. Mwili ukivuka thelathini na tisa, linafunguka zaidi ya kipimo, na ukungu ukiondoka halisikii upesi.

"Sasa si joto litaleta dirisha, dirisha lilete joto, joto lilete dirisha?" nikauliza.

"Ndiyo maana tunapima getini."

Getini! Kwa kipimajoto cha paji la uso, kwa watu wenye bomba la maji hatua ishirini kabla yake.

Na makoti. Zamani kulikuwa na makoti kumi na mawili ya manyoya yametundikwa ndani ya chumba cha mbegu, ya dharura. Yalitolewa kupisha rafu. Nilisema mara ya kwanza kwa mdomo, mara ya pili kwa barua, mara ya tatu kwa barua yenye maneno ambayo mke wangu alinikataza. Nikajibiwa kwamba hakuna dharura iliyowahi kutokea.

*

Ilikuwa saa sita mchana na dakika kama kumi hivi. Kila mfanyakazi huvaa kifungo mkononi, na joto la mwili wake linaonekana kwenye ubao wangu. Kumi na mmoja walikuwa kwenye thelathini na saba. Kiti cha Kabula kilisoma thelathini na nane nukta nne. Nilipokigongagonga kioo, nikidhani kimekwama, kikasoma thelathini na tisa.

Vidonge vilikuwa vimeisha nguvu.

Kupitia kioo cha ukuta wa chumba chao nilimwona Siwema amesimama, ameweka viganja vyote viwili juu ya meza ya barafu. Moshi ulikuwa unamtoka mabegani. Mama Ndalu alikuwa anampepea na sahani ya kupepetea. Anampepea! Na bado hakubonyeza kengele ya dharura.

Nikashika kipaza sauti. "Mama Ndalu, huyo ana nini?"

"Amechoka tu, fundi."

"Amechoka na nyuzi thelathini na tisa nukta tatu?"

Sauti ya Mama Ndalu ikaja ndogo. "Ana malaria."

"Tangu lini?"

"Jumapili."

Nilitukana. Sitaandika nilichosema.

Daktari Kaijage aliingia na sahani yake ya wali mkononi, akatazama ubao, akaiweka sahani chini polepole. "Mtoe nje."

"Nje wapi, Daktari? Kule kuna jua la Itigi. Kinachomshikilia sasa hivi ni hiyo baridi. Dirisha liko wazi mpaka ukutani. Ukimtoa unampeleka jikoni."

"Basi abaki humo, na ukungu uendelee. Tumtafutie namna."

"Namna ipi? Anapanda nyuzi moja kila dakika tatu. Kwa ukungu huu, dakika kumi na mbili hafikishi."

Akajipangusa mdomo. Nampa haki yake: hakutaja mbegu, hakutaja cheo chake. Alisema, "Ukifunga ukungu unafungia wote. Kumi na mmoja hawa wamelowa jasho, na feni za kuuondoa ukungu zitawapuliza. Chumba cha kati kinabeba wangapi?"

"Wanne."

Chumba cha kati ndicho njia pekee ya kutoka. Kina milango miwili inayoendeshwa na saa yake yenyewe. Mkiingia, wa nje haufunguki mpaka wa ndani ukae umefungwa dakika sita; mkitoka, wa ndani unafunguka hapo hapo kwa wanaofuata. Hakuna kitufe cha kuiharakisha. Niliwahi kuuliza kwa nini hakuna, nikaambiwa ndiyo usalama.

Nikahesabu. Wanne wataingia humo mara moja. Wanne wengine baada ya dakika sita. Watatu wa mwisho baada ya kumi na mbili, na dakika zao sita tena humo kati. Dirisha likifungika, mtu aliyelowa, na upepo, nyuzi thelathini chini ya sifuri, vidole vitupu. Hesabu hiyo haihitaji darasa la saba.

"Waulize," Daktari akasema.

"Nini?"

"Kipaza sauti hicho hapo. Ni vidole vyao. Waulize kama wanakubali."

Nilikitazama kipaza sauti. Nilijua nikiuliza watu kumi na mmoja nitapata mkutano. Mmoja atasema ndiyo, mmoja atasema tusubiri kidogo, mmoja atataka kuomba kwanza. Ubao ulisoma arobaini nukta moja. Na nilijua jambo jingine, na nalisema ili lisibaki kwangu: niliogopa watasema hapana. Wakisema hapana, nifanyeje?

Nikafunga koki. Nikawasha feni. Ndipo nikabonyeza kipaza sauti nikasema, "Nimefunga ukungu. Wanne mlio karibu na mlango, tokeni sasa hivi. Siwema haondoki. Wengine rukarukeni."

*

Wanne wa kwanza waliingia chumba cha kati mara moja, wakatoka wazima dakika ya sita. Wakasimama ukumbini wakitetemeka, wakiuliza nani amefunga.

Kabla ya hapo, dakika ya tano, kwenye kioo niliona jasho la watu linageuka unga mweupe. Walirukaruka kama nilivyosema, makubazi yanagonga sakafu. Siwema peke yake alikuwa bado anatoa moshi, arobaini na moja nukta mbili, dirisha lake halitaki kusikia. Alianza kuongea mambo yasiyoeleweka, anaita ng'ombe kwa majina.

Ndipo Mama Ndalu alipofanya kitu ambacho mimi wala Daktari mwenye ubao wake hatukukifikiria.

"Mshikeni!" akapiga kelele. "Huyu ni jiko! Wekeni mikono!"

Wakamzunguka. Mwingine akamwekea viganja mgongoni, mwingine kwapani, mwingine tumboni chini ya fulana. Mikono yao ya barafu ikamnywa joto, na joto lake likawaokoa vidole. Kwenye ubao, kwa mara ya kwanza tangu saa sita, namba yake ilisimama.

Daktari alishika ukingo wa meza. "Fundi," akasema, "wanampoza."

"Naona."

Lakini mwili wa mtu mmoja una nafasi yake. Na Chilongani hakwenda. Chilongani ni mzee wa kanisa, ana miaka hamsini, alisimama hatua mbili pembeni akiwa amejikumbatia.

"Wewe Chilongani, njoo!" Mama Ndalu akamwita.

"Mimi siwezi kumshika mke wa mtu tumboni."

"Shika mguu basi!"

"Hata mguu."

Nikaingilia kwa spika. "Chilongani, Mungu anakuona, na anakuona mpumbavu! Shika mtu huyo!"

"Fundi, usinitukanie," akajibu, meno yanagongana. "Nitakaa."

Na akakaa. Dakika ya sita mlango ukafunguka, wanne wengine wakaingia chumba cha kati. Walipaswa kuwa wanne. Mama Ndalu alimsukuma na wa tano, Stelia, kwa nguvu, mlango ukambana kisigino. Chilongani aliambiwa atoke na kundi hilo, akasema wanawake kwanza. Sijawahi kuona mtu mwenye adabu nyingi hivyo kwa wakati mbaya hivyo.

Wakabaki Chilongani na Mama Ndalu, na Siwema. Sasa nafasi ilikuwepo ya kutosha, lakini Siwema alikuwa ameanza kupoa, na dirisha lake lilikuwa linafungika hatimaye. Arobaini. Thelathini na tisa nukta tano. Jiko lilikuwa linazimika. Mama Ndalu alikuwa amevua fulana yake ya juu, akaitandika barafuni, akamlaza Siwema juu yake ili ngozi isigande kwenye sakafu. Yeye mwenyewe akapiga magoti kando, akamshikilia kichwa kwa mikono miwili.

Mlango wao ulifunguka dakika ya kumi na mbili. Siwema alikuwa thelathini na nane nukta tisa. Nikawaambia wamlete. Chilongani alijaribu kumwinua, vidole vyake havikufunga. Vilikuwa vimenyooka, vyeupe, kama mishumaa. Ndipo, baada ya yote, akambeba kwa mikono ya mbele, kifuani, mke wa mtu, kama anavyobebwa mtoto.

Walifika ukumbini dakika ya kumi na tisa. Walinzi walikuwa tayari na maji ya uvuguvugu kwenye mabeseni. Hakuna koti.

*

Nilikwenda hospitali siku ya nne. Mama Ndalu alikuwa amekaa kitandani, mikono yote miwili imefungwa bandeji kubwa kama vichwa vya watoto. Mkewe Chilongani alikuwa kando ya kitanda cha pili, anamlisha mumewe uji, anamwambia ameolewa na ng'ombe.

"Siwema yuko hai," nikasema.

"Najua. Yuko chumba cha tatu kutoka hapa."

"Wewe unaendeleaje?"

"Unaona." Akainua bandeji. Kisha akasema, "Hukutuuliza, fundi."

"Mlijua ana malaria. Kumi na mmoja mlijua, mkamficha. Na mimi niwaulize?"

"Hilo letu. Tumelibeba, na tutalibeba." Alinitazama bila hasira, na hilo lilinisumbua zaidi. "Nakwambia lako. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwako. Ungeuliza, tungesema ndiyo."

"Wote?"

"Wote. Hata huyu ng'ombe." Chilongani aliguna juu ya uji wake. "Tungesema ndiyo, halafu hivi vidole tungekuwa tumevitoa sisi. Sasa tumevuliwa."

"Na kama mmoja angesema hapana?"

"Hatutajua, si ndiyo? Umehakikisha hatutajua."

Nilitaka kumwambia kwamba namba ilikuwa arobaini nukta moja, kwamba sekunde zilikuwa zinapita, kwamba hata sasa ningefunga. Ningefunga, kweli. Lakini swali moja kwenye kipaza sauti linachukua sekunde sita. Nimelipima baadaye, peke yangu kwenye chumba cha mitambo. "Siwema anakufa, nikifunga mtaumia, mnakubali?" Sekunde sita.

Mganga alipopita na karatasi yake nilimwomba anisomee, nami nikaandika. Chilongani, vidole vinne vya mkono wa kulia. Mama Ndalu, vitatu vya kulia na viwili vya kushoto. Hatapapasa punje tena. Stelia, vidole viwili vya mguu uliobanwa mlangoni. Nyanzala, wa kundi la pili, kidole gumba cha mguu. Siwema anazo akili zake zote, lakini misuli ya paja la kushoto iliungua kwa joto la lile dirisha na haitarudi, anatembea na fimbo. Jumla ni vidole tisa vya mikono, vitatu vya miguu, na paja moja, na watu kumi na mmoja ambao hawakuulizwa.